Siku Niliyocheza Ulipoanguka

Gereji ya Stejini,
Bahati, Nakuru.
18 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa Kipchirchir,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Bega linaendeleaje? Daktari anasema nini kuhusu huo mfupa wa mtulinga? Unaweza kulala ubavu, na kuna mtu wa kukufungia vifungo vya shati huko Uhispania? Mama yako anasema unapata nafuu, lakini siku hizi ananijibu kwa mkato, nami sina uso wa kumuuliza zaidi. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na nyanya yako Chesang bado anagombana na kuku wa jirani.

Sasa niseme yaliyonileta. Nimeona aibu kukupigia simu, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka ulivyonipigia mwezi wa tatu kunieleza kwamba umehama timu ya mbio za pikipiki? Ulisema huko sasa hauko tena kwenye injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, bali ile ambayo silinda zake zimegawanyika mbili-mbili kama herufi V. Ukasema ya mstari hupiga kelele nyembamba, hii yako mpya hunguruma. Mimi nilikuwa nimeweka simu kwa spika ili wateja wasikie kwamba napigiwa kutoka Ulaya. Nilijibu, "Naelewa, naelewa," huku nikiwakonyeza. Pikipiki ninazotengeneza hapa zina silinda moja, Kipchirchir. Sikuelewa kitu. Na ulipofika kwenye rangi za timu, nilikuwa nikimwita Wangare wa hoteli asogee asikie.

Jumapili kanisa lilijaa hata baada ya ibada. Pasta Omolo alitutupia mashindano ukutani kwa projekta, picha ikikwama kila mara na mtangazaji akibwata Kihispania. Nilipewa kiti cha mbele na maikrofoni, maana mimi ndiye fundi. Nikawaambia watu watafute pikipiki nyekundu, ile uliyoendesha mwaka jana. Nyote mmevaa helmeti, nani angenipinga?

Mama yako alinipinga. Mkiwa bado mnangoja taa zizimike ili mwondoke, aliinuka akasema, "Kiplangat, wetu ni huyo wa bluu. Si unaona vile anapapasa hiyo tangi? Ni vile alikuwa anapapasa ng'ombe kabla ya kukamua."

Nikamjibu kwa maikrofoni, "Cherop, keti. Hii ni mambo ya injini, si ya maziwa." Watu wakacheka. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, akaketi.

Wa bluu akaongoza tangu mwanzo, mwekundu nyuma yake. Nami nikawa namkejeli huyo wa mbele, eti pikipiki yake inanguruma kama trekta la shambani, haifiki mbali. Kisha kwenye kona gurudumu la mbele likateleza, ukaburuzika mpaka kwenye changarawe. Nikapaza sauti, "Ameanguka! Njia ni nyeupe!" Wanaume wakarusha kofia, akina mama wakapiga vigelegele. Nami nikacheza. Nilicheza mbele ya madhabahu, mpwa wangu, nawe umelala chini.

Mama yako alisimama peke yake katikati ya kelele hizo, mikono kichwani, mpaka walipokuinua.

Mshindi, yule mwekundu, alipovua helmeti, zikatoka nywele za manjano. Kumbe alikuwa yule bingwa mashuhuri ambaye picha yake nimeibandika gerejini. Ndiye aliyechukua nafasi yako kwenye ile timu ya zamani. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, "Mzee, sasa wetu ako wapi?" Niliweka maikrofoni chini nikatoka.

Unajua mila yetu, kinywa cha mjomba si kitu cha kuchezewa. Ulipoondoka nilikutemea maziwa kifuani kukubariki, ukaenda salama. Sasa kinywa hicho hicho kimeshangilia mfupa wako ukivunjika. Wazee wanasema sikujua, kwa hiyo si laana. Lakini ningejua kama ningekusikiliza, na ningejua kama nisingemketisha mama yako. Naona haya hata kupita stejini mbele ya vijana wa bodaboda.

Nilimwendea kumwomba radhi. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimezoea kuambiwa niketi. Mwandikie yule."

Nyanya Chesang anakusalimu, pia Pasta Omolo na Wangare. Hapa ndipo mjomba hufunga kwa baraka, nami leo siwezi. Naogopa kukubariki kwa kinywa hiki kabla hujaniambia kama bado unakitaka. Nimempa mama yako kalamu, akubariki mahali pangu.

Wako akupendaye, hata kama Jumapili hiyo haikuonyesha,
Mjomba Kiplangat

Mwanangu, Mungu akuinue, akurudishe juu ya hiyo pikipiki ukiwa mzima. Mimi nilikujua kabla taa hazijazimika. Mpigie mjomba wako, hali chakula.
Mama