Likizo ya Kumlilia Mbwa

Johannesburg, Jumanne

Dada Puseletso,

Uliponiuliza makaburini nilipataje ruhusa kazini, nilibadilisha mazungumzo. Sijamwambia mtu mwingine: nilisema mbwa wangu amekufa.

Ofisini kwetu wafanyakazi huja na mbwa wao, eti huwapunguzia mawazo. Mimi huwapikia watu chai na kuwawekea mbwa maji. Mama mdogo Seipati alipofariki niliomba ruhusa ya kuja nyumbani Qwaqwa kumzika. Bi Marlene, msimamizi wetu, akasema kwa upole, "Pole, mpenzi, lakini ruhusa ni ya kufiwa na mzazi. Huyo si mama yako." Sikuweza kumweleza kwamba ndiye aliyetulea. Lakini kabla ya hapo, mhasibu alipofiwa na mbwa wake alipewa siku tatu na maua.

Kesho yake nikarudi na uongo wangu. Bi Marlene akanikumbatia. "Masikini! Nenda ukapumzike. Alikuwa anaitwa nani?"

Kichwani sikuwa na jina jingine. Nikasema, "Seipati."

Niliporudi nilikuta wameliandika ukutani, kati ya picha za mbwa waliokufa. Kila asubuhi napita hapo na sinia la chai.

Nakusihi, dada, bibi yetu asijue kamwe jina la mwanawe liko wapi.

Mdogo wako,
Nthabeleng