Jina la Mzee Mafuru Halikuingia

Dada Nyanjura,

Tangu tukuzike sijaweza kukalia kiti chako pale maktaba. Wamenipa nafasi yako, lakini kazi naifanyia kwenye benchi la wasomaji. Mwanzoni nilikuwa nalia kwa kukukumbuka. Sasa nalia kwa hasira, na sijui nimwambie nani kama si wewe.

Wiki iliyopita alikuja Mama Tabu kutoka Ukerewe, binti wa Mzee Mafuru. Unamkumbuka mzee, alivyotusimulia hadithi za ziwa huku anashona nyavu, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Mwalimu mmoja akaziandika, zikawa kijitabu. Siku ya kujaza kadi ya katalogi ulinisisitizia mwenyewe: "Aliyeandika ni mwalimu, lakini mwenye hadithi ni mzee. Weka wote wawili." Nikaweka.

Mama Tabu alitaka kuwaonyesha wajukuu kijitabu hicho. Nikatafuta jina la baba yake kwenye kompyuta. Hakuna. Nikatafuta kwa lugha yake, Kikerewe. Hakuna. Nilipoweka jina la mwalimu, kikatokea. Mwandishi: mwalimu. Lugha: nyingine. Mama akasoma taratibu, akaniuliza, "Kwa hiyo hadithi za baba zimekuwa za mwalimu?"

Nilichukua simu, dada.

Nikampigia fundi aliyehamishia kadi zetu kwenye kompyuta. Akasema mfumo ule una nafasi ya mwandishi tu, msimuliaji hana pa kuwekwa, na lugha isiyokuwa kwenye orodha yake inaitwa "nyingine". Hilo ningelimeza. Lakini akaongeza, "Nilimweleza Dada Nyanjura mapema. Akasema niendelee, ofisi inataka kazi iishe."

Ulijua.

Mimi uliniambia, "Kila kitu kimeingia, tuchome kadi." Tukazichoma pamoja nyuma ya jengo. Halafu ukaugua. Nimekulisha uji wodini, nimekusuka nywele, tumeongea yote, mpaka ya mume wangu. Hili hukusema. Ulishindwa nini? Ningekuelewa. Nadhani ningekuelewa.

Sasa nafungua vijitabu vyetu kimoja kimoja, maana ndani majina bado yapo. Mfumo ni uleule, kwa hiyo nayabana kwenye nafasi ya jina la kitabu, kwa kuwa ndiyo inayokubali maneno marefu: Hadithi za Ziwa, zimesimuliwa na Mafuru kwa Kikerewe. Sivyo ulivyonifundisha. Ungekuwepo ungenigombeza, na leo ningekujibu.

Jana Mama Tabu alirudi, nikamwachia atafute mwenyewe. Baba yake akatokea. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya lile jina.

Kaburi lako nitaendelea kulipalilia. Kukusamehe bado, nisikudanganye.

Lala salama, dada yangu. Nakuahidi wasimuliaji wetu nitawarudisha wote. Na mtu akiniuliza walipoteaje, nitamtajia jina lako.

Neema