Kuku Mwekundu na Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Nimenyonyoa kuku tangu asubuhi. Maji ya moto, harufu ya manyoya. Nikakimbilia nje kutapika, Bosi Ntandu kaniona. Nimemwambia malaria. Mgahawa mzima hakuna mwenye malaria nyingi kama mimi.

Mimba ina miezi mitano. Naificha kwa aproni na kanga mbili. Mwaka jana mwenzangu wa jikoni, Pendo, alipoonekana tumbo, Bosi alimwambia akapumzike, atampigia. Hakumpigia. Bodaboda ya baba Neema imekufa injini. Nikifukuzwa tunakula nini? Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Bosi kaniletea dawa ya malaria. Ana roho nzuri, ndiyo taabu yenyewe. Kasimama anisubiri nimeze. Nimebana kidonge chini ya ulimi, nikaenda kukitema nyuma ya jiko. Mdomo mchungu mpaka jioni.

Jumamosi, 8 Machi
Kuku mwekundu wa Bosi kaingia kwenye kapu la vitunguu jikoni, anaatamia. Nilitaka kumtoa, kanidonoa. Bosi kasema asiguswe. Kuku anayeatamia hachinjwi wala hasumbuliwi, babu yake alimfundisha hivyo. Vitunguu tumehamishia kwenye beseni. Kuku kapelekewa maji na mtama hapohapo alipo.

Mimi sijakaa tangu asubuhi. Nimemwonea kuku wivu. Aibu.

Jumatano, 12 Machi
Kamba ya aproni haifiki tena. Bosi kanitazama kwa upande. "Mama Neema, hii malaria yako inanenepesha." Nikalia. Basi akajua.

Kasema nikapumzike, atanipigia.

Alhamisi, 13 Machi
Simu nimeishika siku nzima. Kimya.

Jioni Mama Sikitu, mpishi mwenzangu, kaja na mchuzi na matusi. "Unalia na sheria ipo? Mimba si wizi. Kesho nenda kwa afisa kazi." Nimesema shule niliishia la nne, nitaongea nini ofisini? "Tumbo litaongea."

Ijumaa, 14 Machi
Nimevaa viatu vya kanisani. Afisa kazi ni mama mtu mzima. Nimempa shikamoo mbili kwa woga, zote kaitikia. Kasema kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya mimba ni kosa. Na nikijifungua nina likizo, mshahara unaendelea. Nilidhani kachanganya na mtu mwingine. Nimemuuliza tena. Ni mimi.

Jumatatu atakuja mwenyewe mgahawani, na mimi niwepo.

Jumatatu, 17 Machi
Nimewahi mgahawani, nimejibanza jikoni kwa Mama Sikitu.

Afisa kafika mchana, meza zimejaa. Bosi alidhani mteja. Kamwambia samahani mama, kuku wameisha. Jiko letu liko wazi, afisa kaonyesha kapu. "Na yule?"

"Yule anaatamia, mama. Hata aje mkubwa gani, simgusi."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Bosi, na mimi naatamia."

Mama Sikitu kaangusha mwiko. Wateja wakacheka, Bosi akacheka nao, halafu akaacha. Afisa akajitambulisha. Walikaa uani muda mrefu. Bosi katoka amelowa jasho, kasema kesho nije kazini. Na Pendo nimwambie arudi. Aproni yangu ataiongezea kitambaa.

Nimerudi nyumbani nikala ugali wa watu wawili.

Jumamosi, 29 Machi
Vifaranga wametoka. Bosi kachuchumaa kwenye kapu muda mrefu. Mimi nachagua mchele, nimekaa kwenye kiti. Manyoya sasa ni ya Pendo.

Bosi kauliza bila kunitazama, wangu lini. Nimemwambia Julai. Nikainuka kuchukua ndoo ya maji. Kasema ile ndoo niiache, wapo wa kubeba.

Nimeiacha.