Swali Nililolifuta

Mwalimu Halima,

Siku zote uliniwahi kwa "Shikamoo, Bwana Mkaguzi," hata siku niliyokuja kukulaumu. Leo, ingawa nimekuzidi umri, ningekuamkia mimi kama ingewezekana.

Unaikumbuka siku ile chekecheani. Niliwaonyesha watoto wako mbegu za alizeti, nikawauliza kwa Kiswahili ni ngapi. Wakanyamaza, wakitazama vidole vya miguu yao. Nikasema mbele yao kwamba ni wazito wa kuelewa. Wewe ukachuchumaa, ukauliza kwa Kinyaturu, na darasa zima likapiga kelele: tano! Mmoja akaongeza kwamba moja imeoza. Hata mpishi wa uji alicheka. Mimi sikucheka. Niliandika kwamba mwalimu hazingatii lugha ya kufundishia. Na mimi ni Mnyaturu, Halima. Mbuzi wa baba niliwahesabu kwa lugha hiyohiyo.

Baadaye walimu wa chekechea mlipotakiwa kupendekeza mambo ya kufanyiwa utafiti, uliniletea karatasi yenye swali moja: "Mtoto anayenyamaza darasani, nyumbani husema nini?" Nikakwambia hilo si swali la utafiti. Ukatabasamu: "Basi, Mzee, niandikie wewe lililo swali." Nikalipiga swali lako mstari kwa wino mwekundu. Nikapeleka mapendekezo yangu mwenyewe: madawati, vyoo, sare.

Siku tuliyokuzika nilisimama nikakusifu kwa utii.

Juzi watafiti wa elimu walifika mjini, nami nikaitwa kuzungumza nao. Siku hizi pale mjini, mtaa wa Mandewa, watu binafsi wanafungua shule za watoto wadogo, na wazazi wanafurahi kusikia nyimbo za Kiingereza ambazo watoto wenyewe hawazielewi. Mtafiti mmoja, mama wa makamo, akaniuliza: "Mzee, walimu wa huku wenyewe waliwahi kutaka kujua nini?"

Karatasi yako ilikuwa ndani ya jalada, mapajani mwangu.

Nikajibu: "Hawakuuliza kitu."

Nimefundisha watoto kusema kweli tangu ujana wangu. Bado nilisema uongo huo.

Kesho asubuhi watapita hapa Ikungi wakielekea Dodoma. Nitawasubiri barabarani. Nitawapa karatasi yako kama ilivyo, pamoja na mstari wangu mwekundu. Jina lako liko chini ya swali. Langu nimeliandika leo kando ya mstari, ili wajue ni nani aliyelifuta.

Pumzika, mwalimu. Wakiniuliza sababu, sitatazama vidole vya miguu. Nitajibu.