Ng'ombe Kumi na Wawili wa Selina

Nansio, 8 Februari 1998

Mkamwana Selina,

Hamjambo huko Pasiansi? Wajukuu wanakula? Mimi mzima, nguvu ninazo mpaka za kuazimisha. Jana nimembwaga fahali wa jirani kwa mkono mmoja, ule mwingine nimeshika kiko. Katekista Antoni anayeniandikia barua hii anaguna. Mwache agune, yeye fahali humwona kwenye sahani.

Tangu lile lori la karakana ya serikali limlalie Venant wangu, hata utani hautoki vizuri. Lakini mafao yake ya kifo yasikuumize kichwa. Kikao cha ukoo kimekaa, mdogo wake Ngosha katusomea muhtasari: wewe mjane ndiye msimamizi wa mirathi. Mimi karatasi naitazama kama mbuzi anavyotazama redio, nikagonga dole gumba langu. Anakuletea mwenyewe.

Baba mkwe wako,
Luhaga

Pasiansi, 22 Februari 1998

Baba, shikamoo. Pole na kazi za shamba. Naandika kwa mkono wa kushoto, univumilie mwandiko.

Muhtasari haukuandikwa kama alivyowasomea. Unasema msimamizi ni Ngosha, na mimi ni hawara tu, sikutolewa ng'ombe. Venant, kabla hajanioa, alijaza jina la Ngosha kwenye fomu ya kazini. Ofisi ya pensheni wamemwambia Ngosha kanuni zimebadilika: jina la kwenye fomu peke yake halitoshi tena, mjane na watoto ndio wa kwanza. Ndiyo maana anataka nisiwe mjane. Nilipokataa kusaini alinivunja mkono kwa mchi. Rose akamng'ata mguu, naye akamrusha ukutani. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili.

Mahakama inasikiliza tarehe 16 Machi. Hakimu anataka neno lako, Baba: mahari ilitoka au haikutoka? Bila hilo karatasi ya Ngosha inapita, na mimi na watoto hatuna pa kushika.

Mkamwana wako,
Selina

Nansio, 12 Machi 1998

Selina mwanangu,

Habari za uzima leo usiniulize. Niko mahabusu, kituo cha polisi. Afande kamruhusu Antoni aniandikie.

Niliposomewa barua yako nilimwita Ngosha uani. "We bwana, ng'ombe wa Selina nani aliwaswaga mpaka kwa baba yake? Si wewe? Si ulirudi umelewa pombe ya wakwe, kiatu kimoja huna?"

Akasema, "Mzee, dole lako limeshasema."

"Basi litasema tena."

"Halisemi!" Akanibana mkono kwenye gogo la kuni, akalikata dole kwa panga. Likarukia kwa kuku. Haki ya Mungu, Selina, nilicheka! Mjinga huyu anadhani serikali inatambua dole moja tu! Kicheko ndicho kilimtia wazimu. Akaja kutafuta shingo. Mkuki ulikuwa ukutani. Nikamchoma chini ya titi. Akaanguka, akaniita baba. Nikamchoma tena.

Hii sitaisimulia kilabuni.

Ushahidi wangu uko kwenye karatasi nyingine, mkuu wa kituo kagonga muhuri: ng'ombe kumi na wawili, mmoja ana mimba, na aliyewaswaga ni Ngosha. Nimeweka dole la kushoto. Mpe hakimu.

Antoni anasema kanuni mpya zinawataja na wazazi. Waambie baba yake Venant hadai. Usiuze kitu kunitoa humu. Na wakikuuliza mzee atatunzwa na nani, waambie alikuwa na mtoto mwingine.

Baba mkwe wako,
Luhaga