Nyama Niliyoificha Kakuma

Lodwar,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Wakesho,

Barua hii na ikukute mzima, goti limetulia, na ukungu wa Wundanyi haujakufungia ndani. Mama anaonaje siku hizi? Bado anatutambua kwa sauti tu, au yale matone ya macho yamesaidia? Mahindi ya shamba la juu yamekomaa, au nyani wamevuna kabla yenu? Mimi sijambo, kwa maana ya mtu anayetembea na kufundisha. Mengine utayasoma.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, nami hukukatiza, na mwisho tunakata wote wawili. Barua haikatizwi. Kaa chini uisome yote, hata pale utakapotaka kuichana.

Habari yenyewe ni hii. Jana nilikwenda Kakuma kama mjomba wa Mwakio, kusimama mahali pa marehemu baba yake nyumbani kwa wazazi wa Nakiru. Nimerudi bila jibu. Posa ya mwanao inaning'inia, na aliyeining'iniza ni mimi. Najua utafurahi. Usiharakishe.

Nianze na tumbo, maana ndilo lililotufikisha huko. Kabla sijaenda Nairobi uliniambia, "Mungu alikupa tumbo zima, nani amekutuma ukalipunguze?" Nilikujibu kwa matusi. Leo nakujibu vizuri. Sukari ilikuwa imepanda, magoti yalikuwa yananisaliti, usingizini nilikuwa nakabwa na shingo yangu mwenyewe, na daktari alinieleza bila kuzunguka kwamba nikiendelea hivyo sitazeeka. Sikwenda kutafuta urembo. Nilikwenda kuokoa maisha, na sijutii.

Hii ni wiki ya sita tangu wanikate tumbo kule Nairobi. Tumbo lililobaki halizidi ndizi moja. Lodwar, kama ungewahi kufika, ni joto la kumfanya mtu ainamie mtungi anywe mpaka pumzi imwishie. Mimi siwezi. Mafunda mawili ya haraka tu na kifua kinakaza kama mtu amesimama juu yake. Natembea na chupa, nadonoa maji kama kuku, darasani, kikaoni, kanisani, kutwa nzima, na nikijisahau kidogo kichwa kinazunguka. Nikila sinywi, nikinywa sili, na katikati nangoja nusu saa huku nikiitazama saa ya ukutani kama mfungwa. Chakula changu ni uji mwepesi, yai la kupondwa, samaki wa ziwani aliyechemshwa hadi akasahau kwamba aliwahi kuogelea. Vijiko vitano. Cha sita kinarudi. Wiki ya tatu nilikubali kikombe kimoja cha chai ya hapa, yenye sukari ya kusimamisha kijiko, nikalala chini nikitoka jasho, moyo mbio, mikono ikitetemeka. Na hili hutaliamini: nasikia baridi. Wenzangu wanajipepea kwa madaftari, mimi nimevaa sweta.

Hapa mtu mnene akikonda ghafla, watu hawamuulizi. Wanamhurumia. Mwalimu wa dini amekuja mara tatu kuniombea bila kuutaja ugonjwa. Mpishi wa shule ananiongezea maziwa na kuninong'oneza, "Wewe meza dawa tu, mwalimu. Siku hizi watu wanaishi nayo miaka mingi." Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Ningesema ukweli, utaniambia. Ndiyo, ningesema. Lakini kwa miaka kumi na tano nimesimama mbele ya kila kipaza sauti cha mji huu nikiwashambulia wenye vitambi. Nimeandika magazetini kwamba katika nchi yetu kitambi ni cheti cha kazi, kwamba mheshimiwa hushuka garini tumbo likitangulia, akawahutubia akina mama wenye njaa juu ya uvumilivu, kisha akaenda kula mbuzi wao. Nimeyasema hayo nikiwa na kilo mia moja na hamsini, wanafunzi wakiniita Mwalimu Tangi, na hakuna aliyethubutu kucheka mbele yangu. Sasa niwaambie nini? Kwamba mahali ambapo watu wanapanga foleni ya mahindi, mimi nimelipa nikatwe ili nisiweze kula? Nilisema nilikuwa kozini. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwaumbua wengine nilitafuta uongo wa bei rahisi, nikaufunga vifungo, nikatembea nao.

Sasa Kakuma. Mwakio alinichukua asubuhi kwa pikapu ya kazini kwao, wale wachimba visima. Tukiwa njiani akaanza.

"Mjomba, tuwaambie mapema. Nampigia Nakiru sasa hivi, awaeleze wazazi kwamba huli nyama."

"Sijaitwa kusomewa faili la hospitali. Nimeitwa kuposa."

"Watachinja, mjomba."

"Wachinje. Nitajua la kufanya."

"Hata juu ya mama ulisema utajua la kufanya."

Alikuwa na haki. Uliposema hutaki ndoa hii, mimi na mwanao tulikubaliana kwamba goti lako libebe lawama yote. Wakwe waliambiwa unaumwa, huwezi kusafiri. Nakiru pia aliambiwa hivyo.

Nyumba yao iko ng'ambo ya Tarach, mto ambao miezi mingi ni mchanga mtupu. Vibanda vya makuti ya mikoma, na chumba kimoja cha mabati ambacho Nakiru amewajengea kwa mshahara wake wa ualimu. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye vigoda vyao vidogo chini ya kivuli cha matawi. Baba yake, Mzee Erupe, ni mrefu, mkavu, na Kiswahili hakitaki. Kaka yake Nakiru, Ekidor, mlinzi kule kambi ya wakimbizi, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Mama yao huuza maziwa katika soko la wakimbizi na hujibizana na Wakongomani na Wasomali bila kupungukiwa neno.

"Ejok, mwalimu," wakanisalimu, nami nikaitikia. Kondoo mnene akachinjwa mbele yetu. Nyama ilipoiva, Mzee Erupe alikata kwa mkono wake mwenyewe kipande cha mkia, mafuta matupu, ile heshima ambayo kila mtu pale alikuwa akiimezea mate, akaniwekea.

"Mzee anasema kula," Ekidor akasema. "Tumesikia wewe ni mtu ya kula."

Nilikata kipande kidogo kama ukucha. Nikatafuna mpaka kikawa maji, nikameza, na kikakwama. Maumivu yalipanda kifuani, mdomo ukajaa mate ya povu. Nikajifanya nakohoa. Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa ameniongezea. Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao hata mtoto wa chekechea angeuonea aibu. Kila walipogeuka, nilifunga kipande ndani ya leso, nikakitia mfukoni. Nilikuwa nimevaa ile kaunda suti yangu ya kijivu, ambayo sasa tungeenea mimi na wewe, nikadhani upana wake utanisitiri. Sikufikiria kwamba mafuta ya moto hayajui siri.

"Mwalimu, pole," akasema Ekidor, "shati yako inatoa mafuta."

Wote wakatazama. Doa lilikuwa limefika tumboni. Mama Nakiru, aliyekuwa akileta kibuyu cha maziwa, akanisogelea. "Ile kondoo yetu iko ndani ya mfuko," akatangaza. "Bado ina moshi."

Mzee Erupe akauliza jambo kwa sauti ya chini.

"Mzee anauliza, hiyo nyama unapeleka wapi?"

Ukweli ulikuwa pale, dada, mdomoni. Nikasema, "Nampelekea mama yangu nyumbani. Ndiyo desturi yetu Wataita." Mimi, mwalimu wa historia, niliwatungia Wataita desturi papo hapo.

"Kwenu ni siku ngapi?"

"Mbili."

Mzee akafikiri. "Anasema itafika ikitembea yenyewe," Ekidor akatafsiri, na watu wakacheka. Lakini hakikuwa kicheko cha kunisamehe. Ndugu yake Mzee Erupe, aliyekaa pembeni, akanong'ona kitu, na kicheko kikakatika. Ekidor hakutaka kutafsiri. Nikamsisitiza.

"Anasema mtu akibeba nyama ya posa kwa siri, iko mahali anapeleka. Iko mtu anaenda kufanyia kitu."

Yaani uchawi. Mwakio aliinamisha kichwa. Nikaona posa yake inazikwa kwa sababu ya mjomba wake na leso. Nikasimama, nikafungua vifungo, nikawaonyesha makovu matano, bado mekundu. Nikaeleza. Ekidor alishindwa na maneno ya hospitali, kwa hiyo Nakiru akaja kutoka upande wa wanawake, akasimama kando yangu, akatafsiri kwa sauti yake ya darasani, bila kuongeza wala kupunguza.

Mzee alisikiliza yote. "Alikatwa juu ya kula sana?"

"Ndiyo."

"Na alilipa?"

"Ndiyo."

"Baba anasema, ukame ulipomaliza mbuzi, wao walifunga matumbo kwa mkanda wa ngozi wakakaza," Nakiru akatafsiri. "Anasema ile ilikuwa bure."

Walicheka tena, na safari hii nami nilicheka, ingawa kucheka bado kunaniuma. Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kufunga vifungo. Lakini mzee alikuwa ananitazama vilevile, na alipozungumza tena, Nakiru hakutafsiri mara moja. Alimtazama baba yake kwanza.

"Baba anasema tumbo lako ni lako. Lakini umekaa kwake muda mfupi, na umemdanganya mara mbili, kwa nyama na kwa mama yako. Sasa anauliza jambo moja tu." Akanigeukia. "Anauliza kama ni goti kweli. Anauliza kama mama yake Mwakio ananitaka."

Mwakio aliniangalia. Nilijua analotaka. Ningeweza kusema ni goti, na leo tungekuwa tunapanga siku ya ng'ombe. Lakini binti mwenyewe ndiye aliyelibeba swali lile, na jibu lilikuwa lazima lipitie mdomoni mwake kwenda kwa baba yake. Sikuweza kumtwika uongo aukabidhi kwa mkono wake.

Nikasema, "Hapana. Hajakubali."

Akaitafsiri. Maneno machache ya Kiturkana, sauti ileile. Kisha akarudi upande wa wanawake, akakaa.

Mzee Erupe hakufoka. Alisema wao hawaozeshi binti kwa nyumba inayomkataa kwa kunong'ona. Mama wa kijana aje aseme kwa mdomo wake, ndiyo au hapana, na atachinjiwa kama mgeni hata kama ni hapana. Mwezi huu ukiisha hujaja, tusirudi tena. Mwanao hakunisemesha njia nzima. Aliponishusha hapa Lodwar alisema neno moja tu: "Kwa swali lile ungekohoa tu, mjomba."

Sasa nikuulize wewe. Uliniambia hutaki mkwe wa foleni ya msaada. Uliniambia hivyo, na sijaongeza herufi. Wewe, Wakesho? Mwaka ule mvua ilipokataa kwetu, ni nani aliyeshika gunia mama alipopanga foleni kwa chifu kupokea mahindi ya manjano? Mimi nilikuwa nyuma yenu nikilia njaa, nakumbuka mpaka rangi ya gauni lako. Tulikula yale mahindi msimu mzima. Kama foleni huingia kwenye damu, basi imo kwenye damu ya Mwakio, na amekwenda kuoa nyumba inayomfaa. Nakiru anasomesha watoto sitini katika darasa moja, na wadogo zake wawili wanasoma kwa mshahara wake. Wewe ulimkataa kwa kusikia jina la mahali. Mimi nimewapiga wakubwa kwa maneno miaka yote hii kwa kosa hilohilo, na nikakaa kimya lilipotoka kinywani mwa dada yangu, kwa sababu wewe ndiwe uliyenilipia shule kwa kuuza mboga Voi. Heshima hiyo imetosha. Jana imekwisha.

Sikuombi umkubali. Nakuomba uje. Kama ni kumkataa, mkatae ukiwa umeketi mbele yake.

Nisalimie mama, na umweleze wewe habari za tumbo langu kabla hajazisikia kwa jirani mwenye mashine ya kusagia unga. Msalimie mdogo wetu Shali anayemhudumia, na mzee wa kanisa, baba yake Mghoi, umwambie bado ninabishana na mahubiri yake ya Pasaka.

Jambo la mwisho. Tulipokuwa tunaondoka, Nakiru alinifuata hadi kwenye gari. Akaniuliza, "Mjomba, mama alisema nini hasa? Nataka maneno yenyewe." Sikumpa. Nilimwambia mwenye maneno yake anakuja, atamwambia mwenyewe. Huo ulikuwa uongo wangu wa tatu wa siku hiyo, dada, na ni wewe peke yako unayeweza kuufanya kweli.

Mdogo wako unayemjua, asiyejifunza kunyamaza,

Malemba