Gari Lililosubiri Karafuu

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Madungu. Sote wazima, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Umeniuliza kama kweli zamani magari ya Chake Chake yalizipisha karafuu. Naam! Msimu ukifika, tulizianika kwenye majamvi mpaka barabarani. Siku moja bwana mkubwa wa serikali alipiga honi hata akachoka. Mama yangu akamwambia, "Zunguka, bwana, au subiri. Zikikauka tutakupisha."

Ghafla mvua ikashuka. Kwetu, mvua ikinyesha karafuu hazina mwenyewe. Kila aliye karibu huziokoa. Nikamwona bwana yule kavua viatu, anakunja jamvi letu, nguo zake nyeupe chepechepe.

Mama akacheka. "Haya, sasa pita, baba."

Akajibu, "Bado la jirani."

Mimi bibi yako, nisiyeshtushwa na honi mpaka leo,
Bi Mwanakombo